Spika ndefu, sebule ya Nyegezi, na sauti ya nne ya mzee

Kwa miaka sita sebule yetu ilikuwa na sabufa, zile za boksi moja kubwa linakaa chini na vispika vitano vidogo vya kutundika, taa za bluu zinawaka mbele, na kwenye katoni limeandikwa wati maelfu. Huku Nyegezi, Mwanza, kila nyumba ya mtaa wetu ina kitu cha namna hiyo na sisemi ni kibaya, chetu kimetupigia harusi mbili, kipaimara kimoja na mechi za Simba na Yanga sina idadi yake. Lakini kuna kitu kilikuwa kinanikera muda mrefu na sikuwa na jina lake. Tunaangalia muvi, watu wanaongea husikii vizuri, unapandisha sauti, ghafla gari linapita au kitu kinalipuka nyumba nzima inatetema, mtoto anashtuka usingizini, unakimbilia rimoti unashusha, wale watu wanarudi kuongea husikii tena, unapandisha. Jioni nzima mkono uko kwenye rimoti. Na mimi akili yangu ilikuwa inaniambia tatizo ni nguvu, kwamba natakiwa kutafuta sabufa kubwa zaidi ya ile, nilishaanza na kuweka hela kabisa.

Aliyenizuia ni mzee wangu na kaseti yake.

Mzee alikuja na meli kutoka Nansio, alikuwa na miadi ya macho, akakaa kwetu wiki tatu. Kwenye begi alikuwa na kaseti moja kaifunga na leso. Mwaka 1993 kwaya yao ya kigango kule Ukerewe ilirekodiwa usiku wa mkesha wa Pasaka, hakuna studio wala nini, mtu alikuja na redio kaseti akaiweka juu ya benchi akabonyeza vitufe viwili basi. Mzee alikuwa sauti ya nne, besi, na mpaka leo akiongea ukiwa umeegemea ukuta unamsikia mgongoni. Nikampelekea kijana mmoja mjini akamhamishia zile nyimbo kwenye flashi, nikarudi nayo jioni nimefurahi, nikachomeka kwenye sabufa, tukakaa wote. Akina mama wakatoka vizuri tu, sauti ya kwanza na ya pili, kali kidogo lakini zipo. Chini kwenye kona likawa linavuma lile boksi, vuu, vuu, noti moja hiyo hiyo kila wimbo. Mzee akasikiliza nyimbo mbili kimya, mikono magotini. Alafu akasema, "Mwanangu, sisi hatumo humu."

Nikamwambia baba labda kaseti imechoka. Akasema hapana, ile redio iliwekwa upande wa wanaume, benchi lilikuwa letu, kama kuna watu walitakiwa kusikika ni sisi.

Hiyo sentensi ilinikaa kichwani. Sisi hatumo humu. Nikavaa hedifoni za simu nikasikiliza ile flashi, aisee wanaume wapo! Sauti ya tatu ipo, ya nne ipo, wako mbele kabisa karibu na maiki kama alivyosema. Kwa hiyo kaseti haikuwa na shida, walikuwa wanapotelea sebuleni kwangu, kati ya flashi na masikio ya mzee.

Nikaanza kusoma, na kusoma kwenyewe nilisoma usiku nyumba ikiwa imelala, na ninachoandika hapa ndo kile ambacho ningependa mtu angenieleza miaka sita nyuma. Mwanaume wa sauti ya nne akiimba noti zake zinaanzia kama hezi 80, yaani mitetemo 80 kwa sekunde, kwenda mpaka 330 hivi. Sasa kile kispika kidogo cha kutundika, koni yake, ile sehemu inayotetema kutoa sauti, ni inchi tatu, kikasha chake ni plastiki unaweza kukishika kwa mkono mmoja, chini ya hezi 150 mpaka 200 hakina kitu cha kukupa, hata ukikipa nguvu za dunia hii. Na lile boksi la chini limetengenezwa kupiga kwa nguvu eneo moja dogo, hezi hamsini sitini huko mpaka mia, ndo maana kila wimbo unasikia vuu ile ile. Katikati pana shimo. Na ndani ya hilo shimo ndo wanakaa wanaume wanaoimba, wanaume wanaoongea, gitaa la besi likiwa linatembea, ngoma inapogongwa ile ngozi yenyewe. Kidogo kinachobaki kinatoka chini ya meza kwenye kona, wakati maneno yanatoka juu ukutani, yaani mtu mmoja mdomo wake uko kabatini na kifua chake kiko chini ya meza. Halafu unategemea masikio ya mtu wa miaka sabini na mbili yaviunganishe.

Na hapo kwenye masikio kuna jambo lingine nililisoma nikajisikia vibaya kwa jinsi nilivyokuwa nampandishia mzee sauti. Mtu akizeeka masikio yanapoteza kwanza zile sauti za juu, na huko juu ndo ziliko herufi kama s, f, t, sh. Ukimpandishia sauti kwenye spika mbovu unamwongezea vuu na unamwongezea a, e, i, o, u, lakini maneno yenyewe hayapati, anasikia watu wanaongea hajui wanasema nini. Hakuwa mkaidi wala kiziwi, alikuwa anahitaji sauti safi.

Basi ndo nikaanza kuzitafuta hizi spika ndefu za kusimama chini, wengine wanaziita tawa. Urefu wenyewe sio uchawi. Kinachosaidia ni ukubwa wa boksi, kwa sababu koni ikiwa na hewa ya kutosha nyuma yake inaweza kushuka chini vizuri bila kukoroma, na kwa kuwa boksi limeenda juu badala ya kwenda pembeni halili nafasi sebuleni, miguu yake inakaa pale pale ambapo ungeweka stendi ya spika ndogo. Juu kuna twita, ile ndogo ya sauti za juu, inakuja usawa wa masikio ukiwa umekaa kwenye kochi, chini yake wufa, zile koni kubwa za sauti za chini, mbili au tatu zinagawana kazi. Sauti ya mtu inatoka sehemu moja, mdomo na kifua pamoja.

Za bei nafuu zipo, na ninaposema nafuu nalinganisha na ulimwengu wa hizo spika ambako kuna watu wananunua jozi kwa bei ya gari. Nilizoziona zikitajwa sana ni Sony SS-CS3, ina twita mbili, moja ya kawaida na nyingine ndogo ya sauti za juu kabisa, na wufa mbili za kama inchi tano. Nyingine ni Polk T50, hii ukiitazama mbele unaona koni tatu kubwa za inchi sita na nusu ukadhani zote zinafanya kazi, kumbe inayosukumwa na umeme ni moja tu, mbili zilizobaki hazina sumaku wala koili, zinasukumwa na hewa ya ndani ya boksi zinasaidia besi ishuke. Nilivyojua hivyo nikaacha kuhesabu koni.

Wati nazo niliacha kuziangalia, yaani zile za kwenye katoni. Zile elfu tano elfu kumi wanaziita PMPO, ni namba ya kuuzia, haina kipimo kinachoeleweka. Ya kuuliza ni RMS, yaani nguvu inayoweza kwenda nayo muda mrefu. Na kabla ya hiyo uliza spika inatoa desibeli ngapi, hicho ndo kipimo cha ukubwa wa sauti, kwa wati moja ukiwa umbali wa mita moja, hiyo ndo namba inayokuambia kitu. Chukua spika ya desibeli 88. Kwa wati moja umepata 88, ukiongeza nguvu mara mbili unapata desibeli tatu tu, kwa hiyo wati mbili ni 91, nne ni 94, nane ni 97, kumi na sita umefika 100, na 100 sebuleni huwezi kukaa nayo. Watu wakiongea kawaida ni kama desibeli 60. Yaani jioni nyingi nyumbani kwako unatumia chini ya wati moja! Mimi hii ilinibadilisha kabisa, kwa sababu hela niliyokuwa naitunza kwa ajili ya nguvu ilikuwa inaenda kununua kitu ambacho tayari ninacho na kisichonisaidia.

Dukani mjini, nimezunguka kuanzia Rwagasore mpaka barabara ya Pamba, nilichokiona ni sabufa na yale maspika ya sherehe yenye magurudumu. Ndefu za hom thieta nilizipata kwa mtu anayeuza vitu vilivyotumika vinavyokuja na kontena kutoka Uingereza. Zilikuwa nyuma ya friji mbili, zimelala, vumbi limeganda, mbao zake bado nzuri, moja ina mkwaruzo ubavuni kama wa paka. Kampuni siitaji kwa sababu nitakachoeleza ni cha uzee tu. Nikavua vile vitambaa vya mbele. Wufa zote nne, ile pete ya povu inayozunguka koni ilikuwa imekufa, ukiigusa inabaki kidoleni nyeusi, inanata, inakatika kama mkate wa juzi. Muuzaji akasema bosi hizo zimeisha, chukua hizi za sherehe. Lakini nilishasoma kwamba hilo povu ndo huwa linakufa, linaoza lenyewe tu kwa miaka hata kama spika haijapigwa, na linabadilishwa. Koni yenyewe ikiwa nzima na koili ikiwa nzima spika bado ni spika.

Nikamwomba betri ya rimoti, ile ndogo ya volti moja na nusu, na vipande viwili vya waya. Ukigusisha chanya kwenye nyekundu na hasi kwenye nyeusi ya spika, koni inaruka mbele, tak, ukiachia inarudi. Nilifanya hivyo spika zote mbili na nikaweka kiganja kwa mbali kuzisikia, zote zinaruka, hakuna inayokwaruza. Mita ya kupimia umeme ikasoma ukinzani wa omu 5.8 moja na nyingine 5.9, na nyuma zimeandikwa 8, hiyo ni kawaida, kipimo cha mita huwa kinakuja chini kidogo ya kilichoandikwa, la muhimu ni mbili zifanane. Twita sikuigusa, usiiguse na wewe, ile kuba ya kitambaa ukiibonyeza kwa kidole inabonyea na hairudi vizuri. Tuliziunganisha kwenye redio yake sauti ya chini sana nikaweka sikio kwenye kila twita, zote hai. Tukakubaliana laki mbili na nusu jozi.

Kwa mtu huyo huyo kulikuwa na amplifaya ya hom thieta, na hapa naomba usome taratibu. Geuza nyuma utafute kibandiko cha umeme. Chetu Tanzania ni volti 230, hezi 50. Zinazotoka Marekani zinaandikwa 120, za Japani zimeandikwa 100, na zinafanana kwa sura kabisa na zile za Ulaya. Jirani yangu alinunua ya 120 mahali pengine, akachomeka ukutani, sekunde moja, ikatoa mlio kama wa kiberiti na moshi mweupe, laki mbili zikaenda hivyo hivyo. Inatumika, lakini unahitaji transfoma ya kushusha umeme na transfoma yenyewe iwe ya uhakika. Mimi nilichukua iliyoandikwa 230, nikaiweka kwenye stabilaiza kwa sababu umeme ukikatika ukarudi huwa unarudi na hasira.

Fundi niliyempelekea wufa yuko Mkuyuni, kibanda chake kimejaa redio za watu mpaka mlangoni, na huyu mzee wa kazi nimemheshimu sana. Pete za povu tuliagiza Dar kwa inchi, zikaja na basi siku ya tatu. Alisafisha gundi ya zamani kwa spiriti na kisu butu, polepole, koni moja ilimchukua karibu saa nzima, anafuta anapuliza anaangalia kwenye mwanga. Alafu wakati wa kugundisha akaniomba simu, akasema tafuta mlio wa hezi 30. Akauunganisha kwa sauti ndogo, koni ikawa inapumua pole pole mbele nyuma, huku yeye anaisogeza ile pete kwa vidole vinne na kaweka sikio. "Unasikia?" Nikasikia kitu kama mchanga. Akasogeza nywele moja upande wa kushoto. Mchanga ukaisha. "Sasa iko katikati." Akaachia gundi ikauke siku nzima asinipe, hata nilivyomwambia nina haraka mzee anaondoka wiki ijayo akasema kijana wangu gundi haina haraka. Elfu sabini kazi yote ya wufa nne.

Zikaja Nyegezi na bajaji, mke wangu kakaa katikati kazikumbatia zote mbili.

Usiku wa kwanza ulikuwa mgumu. Nimefunga kila kitu, nimewasha, sauti nyembamba, haina besi kabisa, na mwimbaji hayuko katikati, hayuko popote. Nikahangaika saa mbili na setingi. Mke wangu akatoka jikoni akasimama mlangoni akasema, "Mbona sauti iko kama nyuma ya kichwa changu?" Hapo ndo nikashtuka, kwa sababu nilishaisoma hiyo. Nilitumia waya wa kawaida wa duka la umeme, ule laini wa milimita mraba 1.5, na hauna tatizo lolote kwa umbali wa sebuleni, hakikisha tu ni shaba yenyewe na sio aluminiamu iliyovikwa shaba kidogo juu, ukikwangua kwa kisu unajua. Ila pande zote mbili za ule waya zilikuwa na rangi moja, na spika moja nilikuwa nimechanganya nyekundu na nyeusi. Koni za huku zikienda mbele za kule zinaenda nyuma, besi inakufa hewani kabla haijakufikia. Nikageuza upande mmoja tu. Jamani. Mtu akatokea katikati ya ukuta, pale juu ya tivii ambapo hakuna spika yoyote.

Hiyo ya katikati ndo ilifanya nisinunue spika ya kati mpaka sasa. Kwenye mfumo wa 5.1, yaani spika tano na sabufa moja, maneno mengi ya muvi yanapelekwa spika ya kati, lakini ukiiambia amplifaya kwamba spika ya kati haipo inayagawa sawa kwa mbili za mbele, na ukikaa katikati unayasikia katikati. Shida ni kwa anayekaa pembeni, kwake maneno yanasogea kwenye spika iliyo karibu naye. Kwetu kiti cha katikati ni cha mzee kwa hiyo tumemaliza. Sabufa nayo nikaiambia amplifaya haipo na spika za mbele ni kubwa, ile besi ya muvi ikahamia humo humo, inatosha. Boksi lenyewe na vispika vyake nimempa mdogo wangu ana kinyozi Buhongwa.

Sebule ndo ilinifundisha zaidi ya spika. Nyumba zetu ni tofali za saruji, chini taizi, juu jipsamu, dirisha la aluminiamu, ukipiga kofi moja sebuleni unasikia kofi linakimbia kwenye kuta, triii. Spika nzuri kwenye chumba kama hicho zinapiga kelele tu. Kitu cha kwanza tulitandika zulia kati ya kochi na spika, mapazia yale mepesi tukabadilisha mazito. Kitu cha pili ni pamba. Sisi tuko Kanda ya Ziwa, pamba nyingi ya nchi hii inalimwa huku, na watu kule nje wanatengeneza paneli za kunyonya sauti kwa pamba na kuziuza ghali! Nikaenda kwa fundi makochi nikanunua pamba ya kujazia mito, nikachonga fremu nne za mbao, sentimita 60 kwa 120, kina kumi, nikajaza, mke wangu akachagua kitenge cha kufunika akakibana kwa stepla. Mahali pa kuziweka unapapata na kioo. Wewe kaa kwenye kiti, mwenzako atembeze kioo ukutani, pale utakapoiona twita ndani ya kioo ndo sauti inapogonga ukuta kuja kwako, tundika hapo. Ziwe mbali na soketi na waya, pamba inashika moto haraka. Nikapiga kofi tena, likafa pale pale, na mwanangu wa miaka mitatu akazunguka chumba anapiga makofi anasikiliza.

Besi ilinisumbua siku mbili. Kuna noti moja ilikuwa inavimba, kila ikipita glasi kabatini zinalia. Sebule yetu ina mita 4.2 kwenda mbele, sauti inasafiri kama mita 343 kwa sekunde, ukigawa kwa urefu wa chumba uliozidishwa kwa mbili, yaani 8.4, unapata karibu hezi 41, hiyo ndo noti chumba chenyewe kinaipenda, na inakuwa kali kuliko kote pale ukutani. Na kochi letu lilikuwa limegusa ukuta wa nyuma, kama makochi yote ya Tanzania. Tukalivuta mbele sentimita sabini. Spika nazo nikazitoa ukutani sentimita arobaini kwa sababu tundu lake la kupumulia liko nyuma, nikazitoa na kwenye kona, nikazielekeza kidogo kwenye kiti. Ilivyobaki kidogo nikakunja soksi nikaichomeka kwenye lile tundu, ndo ikatulia. Sikulipia hata shilingi, na tofauti yake niliisikia kuliko tofauti ya kitu chochote nilichonunua.

Kama una mtoto mdogo zifunge. Spika ndefu ni nyembamba, mtoto akining'inia inakuja naye. Zangu zina mkanda nyuma umeshikwa na skurubu ukutani. Na vitambaa vya mbele navirudishia usiku, wale wadudu wa ziwani siku wanayokuja kama wingu wakiona taa hawaachi tundu.

Sasa nimalizie ya mzee.

Ilikuwa Jumamosi, kesho yake anarudi na meli. Nikamkalisha kwenye kile kiti, mama watoto kaleta chai, nikachomeka flashi. Namba ya sauti nikaiweka chini, chini kabisa ya pale tulipozoea, mpaka nje ulikuwa unasikia vyura. Kwanza likasikika lile kanisa, kabla hawajaanza, mtu anakohoa, benchi linasogezwa, mtoto analia mbali. Alafu akina mama wakaanza, na walivyomaliza mstari wa kwanza wanaume wakaingia.

Mzee aliacha kikombe hewani.

Hakusema kitu wimbo mzima. Kidole kimoja kilikuwa kinagonga goti. Wa pili akaanza kutaja, huyu ni mwalimu wetu wa kwaya, Mungu amrehemu, huyu anayevuta ni yule wa Bukindo aliyekuwa anakuja na baiskeli, huyu wa pembeni ni mjomba wako, sikiliza anavyomeza mwisho wa neno. Anaonyesha kwa mkono, huku, huku, hapa, anawapanga ukutani kama wanavyosimama. Nikamuuliza na wewe baba uko wapi. Akasema ngoja, ubeti wa tatu.

Ubeti wa tatu ukafika, akina mama wakaacha, pakawa na kimya kidogo, sauti ya tatu ikaingia, na nyuma yake kidogo, kama nusu pumzi, ikaja sauti nzito kuliko zote, hiyo hiyo ninayoijua kutoka nikiwa naegemea mgongo wake kwenye mtumbwi.

"Hapo nilichelewa," mzee akasema. "Umesikia? Nilichelewa kuingia. Mwalimu alinitazama."

Akaniomba nirudishe.